Choo kwanza, bichi baadaye (uzi)

1/ Wanatabora wenzangu, wikiendi hii tena nimeona picha zenu za Bwawa la Igombe. Samaki wa kukaanga, muziki, watu wamejirusha majini, na maneno "Tabora nasi tuna bichi". Kupumzika sipingi. Hata misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilituliza miguu mjini kwetu. Burton na Speke walifika Kazeh mwaka 1857 wakakaa wiki kadhaa.

2/ Ninachopinga ni hilo neno bichi. Maji ya chumvi hayana konokono wa kichocho. Maji baridi yanao. Mwenye kichocho akikojoa majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka na jua la mchana kupenya ngozi yako ndani ya dakika chache. Jua la mchana jamani! Ndiyo saa yenu ya kuogelea.

3/ Msinijibu "tulikunywa Igombe miaka yote kabla ya maji ya Ziwa Victoria". Ya bombani yalipita mtamboni. Wewe unazama mzima mzima.

4/ Hili la dada zetu ndilo linaniuma. Mvulana akikojoa damu, wapo wanaosema amebalehe (upuuzi, mpelekeni hospitali). Mwanamke je? Kichocho kikikaa kwenye via vya uzazi anatokwa damu, anaumia akiwa na mumewe, hata mimba inaweza kusumbua. Nilimpokea mmoja, ameshameza dawa za zinaa mara tatu na mume kamrudisha kwao kwa umalaya. Umalaya upi? Amekulia kando ya bwawa, anafua na kuchota maji humo tangu mtoto. Hakuna aliyemuuliza.

5/ Mtasema prazikwanteli ipo. Ipo, na inaua minyoo uliyonayo leo. Jumapili ukirudi majini unaokota mingine.

6/ Kwa hiyo wewe unayetaka kufungua sehemu ya starehe kando ya maji, kabla ya spika na viti nijibu: watu mia wanakunywa soda na bia kutwa nzima, wanakojoa wapi? Kama ni vichakani, mvua inashusha yote bwawani. Na halmashauri zinazotoa vibali, kagueni choo kwanza.

7/ Mlioshaogelea, njooni mpime mkojo. Leteni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai huonekana zaidi muda huo. Na dada, ukipewa dawa za zinaa bila kipimo, uliza: kichocho mmeangalia?