Orodha ya wanaostahiki katika kompyuta ya msikiti

Misikiti mingi sasa imehamisha daftari la zaka na sadaka kutoka vitabu vya mkono na kulitia katika kompyuta. Ni jambo la kheri, wala si geni kwetu, kwani Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Radhi za Allah ziwe juu yake, aliasisi diwani ambamo waliandikwa wenye haki ya kupokea kutoka Baitul-Mali. Wiki hii tunazungumzia sehemu ndogo ya daftari hilo ambayo kamati nyingi humwachia fundi: ile orodha kunjuzi, inayoshuka mtu abofyapo mshale ili achague jina au aina ya mchango.

Faida yake ni dhahiri. Kila mtu akiandika apendavyo, mmoja ataandika "zaka", mwingine "zakat", wa tatu "zakaa", na kompyuta itatoa hesabu tatu. Mali ya zaka ina wenyewe, na haifai ipotelee katika fungu la kununulia mikeka.

Lakini yaliyomo katika orodha yanatoka wapi? Fundi aweza kuyaandika ndani ya msimbo wa programu, jina baada ya jina. Au aweza kuyaweka katika jedwali la pembeni, kisha msimbo uagizwe kuyasoma kila fomu inapofunguliwa: ufute kwanza yaliyokuwamo, usome safu ya kwanza na kuiongeza katika orodha, uende ya pili, hadi jedwali liishe. Asipoagiza kufuta kwanza, orodha ikijazwa upya majina hutokea mara mbili. Wanaotumia Microsoft Access wana wepesi zaidi, kwani huko orodha yaweza kuelekezwa kwenye jedwali bila kuandika msimbo wowote.

Njia ya kwanza ina mahali pake. Makundi manane ya wanaostahiki zaka yametajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na hakuna kamati iwezayo kuongeza la tisa. Hayo na yafungiwe ndani ya msimbo. Familia za mtaani sivyo. Usiku wa kuamkia Idi huja taarifa ya mjane aliyehamia jana na watoto wake, na Zakatul-Fitri yapasa iwafikie kabla ya swala. Ikiwa orodha imo ndani ya msimbo, na fundi yuko mkoa mwingine, jina lake halitaingia. Tumeshuhudia karani akichagua jina la jirani ili kazi iende. Mchele ulifika, lakini daftari likashuhudia kwamba amepewa mtu ambaye hakupewa.

Kwa hiyo majina ya familia yakae katika jedwali ambalo katibu au mweka hazina anaweza kulifungua mwenyewe. Kila familia ipewe namba, na orodha ionyeshe jina huku ikihifadhi namba, maana akina Fatuma ni wengi katika mtaa mmoja. Aliyejitosheleza asifutwe, kwani kumbukumbu za miaka iliyopita zitabaki bila mwenyewe. Aandikiwe tu kwamba hapokei tena, na msimbo uwasome wanaoendelea kupokea. Na "Bi", "Mzee" na "Ustadhi" viwekwe safu ya peke yake, la sivyo nusu ya mtaa itapangwa chini ya herufi B.

Limebaki jambo la sitara, nalo kwetu ni zito kuliko yote. Orodha ikishuka mbele ya mtu aliyekuja ofisini kulipa mchango wa madrasa, atasoma majina ya mafakiri wote wa mtaa wake, pengine na la shemeji yake. Tunashauri orodha ya familia ifunguke tupu, na majina yatokee baada tu ya karani kuandika herufi tatu za mwanzo. Kwa fundi ni mistari michache ya msimbo; kamati iitake kabla ya kumaliza kumlipa.