"Ni Soda Tu": Karata za Vijana Wetu na Mlango wa Kamari



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu wanafunzi,

Likizo kubwa ya Julai na Agosti ikifika, hapa Buyenzi kila mtu anajua vijana wanakokaa. Kuanzia alasiri utawakuta wanne au watano nyuma ya ukuta, au kwenye kivuli cha gari bovu linalosubiri fundi. Katoni imegeuzwa meza na karata zinagawiwa. Mtu mzima akipita, wote wananyamaza na mmoja wao anakalia kitu haraka haraka. Anachokalia ni pesa.

Tukiri kwamba sisi wenyewe tumepita hapo mara nyingi bila kusema neno. Tulijiambia kuwa ni watoto, wako karibu na nyumbani, afadhali karata kuliko bangi. Tuliendelea hivyo mpaka mama mmoja jirani yetu alipotufuata baada ya Swala ya Ijumaa. Mwanawe ana miaka 15. Alikuwa akimtuma dukani na pesa ya mchele na mafuta, na mara mbili kijana alirudi mikono mitupu akisema pesa zimedondoka. Mara ya tatu mama alimfuatilia, akagundua kuwa kijana alikuwa anadaiwa na mwenzake mkubwa zaidi, deni la karata, na kila wiki anaambiwa limeongezeka. Mama yule hakulia kwa sababu ya mchele. Alituambia: "Aliniangalia machoni, akaapa Wallahi." Mtoto aliyesoma madrasa, anayejua uzito wa neno hilo, alilitumia kuficha hasara ya karata.

Ndiyo maana tunaandika leo.

Wanavyosema vijana

Tulikaa na baadhi yao tuwasikilize, kwani kuwahukumu bila kuwasikia si malezi. Walisema hivi: Hatuibi. Kila mmoja anaweka pesa yake kwa ridhaa yake. Ni pesa kidogo, na mara nyingi anayeshindwa ananunua soda tu. Tena karata zinafundisha hesabu na kumbukumbu, na zinatukutanisha. Ubaya uko wapi?

Maswali haya yanastahili majibu. Tukiwajibu kwa ukali tu, watatunyamazia mbele yetu na kuendelea uchochoroni.

Kwanza, ni kweli kwamba karata zina mafunzo ndani yake, na si kitu kigeni kwetu. Wazee wa Pwani wamezicheza barazani kwa miaka mingi, na hata majina yake ya Kiswahili, shupaza, kopa, uru na pau, yametoka kwa Wareno. Kuhusu karata zisizo na pesa, wanazuoni wamehitilafiana: wapo waliozikataza kabisa, na wapo walioziachia kwa sharti zisimpotezee mtu Swala wala wajibu wake na zisilete matusi. Anayetaka undani wa suala hilo amuulize ustadhi wake.

Lakini pale panapowekwa dau, hitilafu hiyo haipo tena. Kila mmoja akitoa kitu, na mmoja akaondoka na cha wenzake kwa sababu ya mchezo, hiyo ni kamari. Haijalishi kama ni faranga 1,000, ni soda au ni vocha ya simu. Udogo wa dau haubadilishi hukumu, kama ambavyo tone la pombe halihalaliki kwa kuwa ni tone.

Na hoja ya ridhaa? Waliokula riba na waliolipa riba nao waliridhiana. Tena hebu jiulize kwa ukweli, kijana: unapoweka pesa yako pale, je, umeridhia kuipoteza? Umeridhia kuichukua ya mwenzako. Na yeye ameridhia vivyo hivyo kwa yako. Hakuna kati yenu aliyeridhia kutoa.

Kamari iliyolisha maskini

Qur'ani haikukana kuwa kamari ina faida. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Allah (s.w.t.) anataja kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Manufaa gani?

Wafasiri wametueleza mchezo wa Waarabu wa zama za ujahilia. Ngamia alichinjwa na nyama ikagawanywa mafungu. Mishale kumi ilitiwa ndani ya mfuko, ikachomolewa mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Mishale saba ilikuwa na hisa, kuanzia moja hadi saba, na mitatu haikuwa na kitu. Aliyeangukiwa na mshale mtupu alikosa nyama na kubebeshwa gharama ya ngamia. Tena wengi wao waliona aibu kuila nyama ile. Waliwapa maskini, na mtu aliyekataa kuingia mchezoni alitukanwa kuwa ni bahili.

Tulitafakari hapo, ndugu zetu. Kamari iliyokuwa ikilisha maskini wakati wa njaa, nayo iliharamishwa. Basi ya kwetu ya kununuliana soda itajitetea kwa lipi?

Sababu imetajwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91: shetani anataka kupitia ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Allah na wasiswali. Hayo mawili hayahitaji pesa nyingi. Nenda kawatazame vijana wale adhana ya Alasiri inapotoka msikitini. Aliyeshinda hataki kuondoka kwa sababu bahati iko upande wake, na aliyeshindwa hataki kuondoka mpaka arudishe chake. Wote wawili wameisikia adhana.

Madhara huanza siku ya kushinda

Wazazi wengi hushtuka mtoto anapopoteza pesa. Sisi tunaona siku ya kuogopwa zaidi ni ile aliyoshinda.

Chukua vijana wanne, kila mmoja ameweka faranga 1,000. Mezani zipo 4,000. Wacheze mpaka Magharibi, mezani zitabaki 4,000 zile zile. Hakuna kilicholimwa, kilichoshonwa wala kilichouzwa. Mwenzao mwingine, mwenye mtaji wa karanga pale soko la Ruvumera, jioni ana faida ndogo na mteja wake amekula karanga. Lakini yule aliyeshinda karata amepata 3,000 kwa saa moja akiwa amekaa. Mwambie kesho akauze karanga, atakucheka. Baadhi ya wanazuoni wanasema neno maysir, yaani kamari, lina asili moja na neno la wepesi, kwa kuwa ni mali ya kupata bila jasho. Kijana akishaonja wepesi huo, kazi yoyote huwa nzito machoni pake.

Ushindi una jambo jingine, kwamba haujulikani utakuja lini. Mtaalamu wa tabia B. F. Skinner wa Marekani alionesha katika karne iliyopita kwamba zawadi inayokuja bila kutabirika humfanya kiumbe arudie kitendo kwa muda mrefu kuliko zawadi inayokuja kila mara. Ndiyo sababu aliyepoteza mara tano anasema "moja ya mwisho". Leo Shirika la Afya Duniani linauhesabu uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, katika orodha yake ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022. Na majirani zetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2016, wanamkataza kucheza kamari mtu yeyote aliye chini ya miaka 25. Serikali isiyohukumu kwa sharia imeona kuwa hata miaka 18 haitoshi. Sisi tunamwacha wa miaka 14?

Hatusemi kila anayecheza atakuwa mraibu. Wengi wataacha, alhamdulillah. Lakini aliyezoea dau la uchochoroni ni rahisi kumnasa. Anakutana sokoni na mchezesha karata tatu, ambaye ana wenzake waliojifanya wateja wanaoshinda, na anaingia akijiona mjanja. Anafungua simu na kukuta michezo ile ile ya karata inayomtaka aweke pesa usiku wa manane, ambapo hakuna mtu mzima wa kupita.

Sisi wazazi tuko wapi?

Hapa tujiangalie. Baba anayeweka pesa kwenye matokeo ya mpira kila Jumamosi, kisha anamchapa mwanawe kwa karata, anamfundisha tu kwamba kamari ni haki ya wakubwa. Hata mashindano yetu ya mpira mtaani, pale kila timu inapotoa pesa na bingwa akachukua zote, tuyatazame upya. Zawadi ikitolewa na mfadhili asiyecheza, jambo limepata njia ya halali.

Na tujiulize tumewapa nini cha kufanya. Madrasa inakwisha asubuhi, shule imefungwa, nyumba ni ndogo, nasi tuko kazini mpaka jioni. Tumewafukuza barazani, tumewafukuza uani. Uchochoro ndio uliowakaribisha.

Tufanye nini?

Mtoto akikutwa, tusianze na fimbo. Tuanze na swali: unadaiwa? Mengi mabaya hufanyika kwa sababu kijana anaogopa mdai kuliko anavyomuogopa Allah. Mzazi amweleze kwamba kilichopotea katika kamari si deni la kisharia, na aliyeshinda hana haki ya kukidai. Ikiwa alikopa pesa taslimu kwa mtu, hilo ni deni, na lilipwe kiasi kile kile bila nyongeza. Kisha mzazi mwenyewe aende kuzungumza na yule anayedai. Asimwache mtoto akabiliane naye peke yake.

Ikiwa mwanao ndiye aliyeshinda, usifurahi. Amrudishie kila mmoja chake. Pesa hiyo haikuwa yake hata dakika moja, na njia ile ya kwenda nyumba kwa nyumba kurudisha itamfundisha kuliko hotuba zetu. Asipowajua wenyewe, aitoe kwa maskini kwa nia ya kujivua nayo.

Na nyinyi vijana, kumbukeni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Bukhari na Muslim: anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, na atoe sadaka. Kualika tu, kabla karata haijagawiwa, tayari kunahitaji kafara. Basi ukiitwa, usione haya kusema hapana. Na wewe uliyekwishaingia, mlango wa toba uko wazi. Mwambie mama yako ukweli leo, kabla hujalazimika kuapa.

Yule kijana wa jirani yetu sasa anashinda gereji kwa mjomba wake, anajifunza kufungua injini. Deni lake alilokopa, mjomba amelilipa na anamkata kidogo kidogo. Mama yake anasema bado hajamwamini kabisa anapomtuma dukani. Tunamuomba Allah amrudishie mama huyo imani kwa mwanawe, na awalinde watoto wetu sote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.