Kabla Hatujauza Shamba kwa Safari ya Ufini



Siku hizi hapana mkutano wa tawi letu unaokwisha bila kadi ya mchango wa safari. Zamani tulichangia matanga, arusi na karo ya shule. Sasa twachangia viza. Na sisi tuliotoka Kisii na Nyamira ndio tunaozidi wenzetu. Reli haikufika kwetu, kwa hiyo tumezoea tangu ujana kwamba kazi hufuatwa mbali, na ni wachache wasio na jamaa Minnesota au Saudia. Sina neno juu ya mtu kusafiri. Neno langu ni juu ya karatasi zinazouzwa Keroka, Suneka na Daraja Mbili kwa jina la "viza ya Ufini". Anayeuza anajua jambo asilolijua mnunuzi: viza si kibali cha kukaa, na kibali cha kukaa si kazi.

Ufini ni nchi ndogo kwa watu. Wote pamoja ni kama milioni 5 na nusu, yaani mara tatu tu ya watu wa Kisii na Nyamira kwa hesabu ya mwaka 2019. Tena mwaka 2025 karibu mtu 1 katika kila 10 wa kufanya kazi huko hakuwa na kazi. Dalali hasemi hayo. Yeye husema wazee wao ni wengi na wanataka watu wa kuwatunza. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli, na nusu hiyo huuzwa kwa bei ya ng'ombe wawili na kipande cha shamba la chai.

Viza ya kawaida ni ya siku 90 katika kila siku 180. Ni ya kutembea, kuonana na jamaa, au shughuli fupi. Siku zikiisha, ondoka. Mfano wake ni wachumaji wa matunda ya porini kutoka Tailandi. Kwa miaka mingi walipelekwa Ufini kila kiangazi kwa viza ya namna hiyo, wala hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi wa mtu. Mtu alikopa nauli kwao, akafika, akatozwa chakula na malazi, na matunda yakiwa haba alirudi na deni. Polisi wakachunguza, na kesi za kuwafanyia watu biashara zikafika kortini. Ndipo serikali yao ikakata shauri kwamba kuanzia msimu wa 2025 wachumaji wasije kwa viza tena, bali kwa mkataba wa ajira na kibali cha kazi ya msimu.

Kibali cha kazi ni mambo mengine. Lazima kuwe na mwajiri wa kweli, naye hutaja mbele ya serikali kazi gani, saa ngapi na mshahara gani. Mwaka 2025 mshahara huo haukutakiwa kupungua yuro 1,600 kwa mwezi. Na hapa wana chama wategee sikio: Ufini haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Mapatano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri ndiyo yanayoweka mishahara, na katika kazi nyingi humkinga hata mgeni asiye mwanachama. Basi dalali akikuletea karatasi, muulize mapatano ya kazi hiyo ni yapi. Akikuna kichwa, umekwisha kujibiwa.

Tena mtu atambue kibali hicho kinavyomshika. Tangu Juni 2025, mgeni akiachishwa kazi ana miezi 3 ya kupata nyingine, isipokuwa baadhi ya wataalamu na wenye kukaa zaidi, ambao hupewa 6. Akikosa, kibali chaweza kufutwa. Babu zetu walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, na bwana asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kuhama kazi. Sisemi kibali cha Ufini ni kipande, maana mtu aweza kubadili mwajiri katika kazi ya aina ile ile. Lakini mwenye kuhesabu miezi 3 haoni wepesi wa kulalamikia saa za ziada zisizolipwa, na mwajiri mbaya anajua hayo vizuri sana.

Wengine huambiwa wapeleke watoto kusoma, kisha watafanya kazi. Mwanafunzi anaruhusiwa wastani wa saa 30 za kazi kwa wiki, ni kweli. Lakini tangu 2025 atakiwa kuonyesha yuro 800 kwa kila mwezi, kwa mwaka ni 9,600, zaidi ya shilingi milioni moja, nazo ziwe zake. Hapo karo bado. Sisi tupitao Eldoret tuliona wazazi wa Uasin Gishu mwaka 2023 wakilia barabarani. Walikuwa wamelipa fedha katika mpango wa kaunti wa kusomesha watoto Ufini na Kanada, na vyuo vikawa vinadai karo. Aliyekuwa gavana na wenzake walishtakiwa Agosti mwaka huo, wakakana. Ikiwa mpango wenye muhuri wa kaunti uliweza kufika huko, mtu mwenye mkoba chini ya mwembe je?

Sheria ya Ufini inakataza kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Ada ya serikali ya kuomba kibali ipo, na nauli ipo. Lakini dalali anayesema "nipe laki tatu nikupe nafasi" ameshatuonyesha yeye ni mtu wa namna gani.

Kwa hiyo naomba halmashauri ya tawi ichague watu wawili wanaosoma Kiingereza vizuri. Kila kadi ya mchango wa safari ije na nakala ya mkataba na jina la wakala, nao walitazame jina hilo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla kofia haijazungushwa. Wako watakaonuna. Mwezi uliopita mzee mmoja wa kwetu Nyamira aliniambia nina wivu na mwanawe. Nikamwomba mkataba, naye akanipa risiti iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi.