Desemba ni mteremko, Januari ni kilima

Leo sina mbinu ya kupiga picha wala ya kubusti posti. Nina stori ya mikoba 64 na shilingi elfu mbili.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, kuna mwenzetu mmoja aliingia na mikoba ileile ninayouza mimi. Rangi zilezile, hadi picha zilezile, maana sote tunachukua Kariakoo. Mimi nilikuwa nauza 28,000. Yeye akaposti 22,000. Wateja wakaanza kunitumia skrinshoti: "Dada, mbona kwa fulani ni 22?" Nikapandwa na hasira. Nikashusha hadi 21,000, na juu yake nikatangaza kwamba nusu ya hela ya boda nalipa mimi. Basi simu haikutulia. Desemba ile niliuza mikoba 64, sijawahi kuuza hivyo tangu nianze. Nikapiga picha mizigo imepangwa sebuleni mpaka mlangoni, nikaweka status: "Mungu ni mwema."

Tarehe 2 Januari nikakaa chini na daftari. Mkoba nanunua 18,000, nauza 21,000, inabaki 3,000. Mara 64 ni 192,000. Toa boda, 2,000 kwa kila mzigo, hiyo ni 128,000. Toa mifuko ya kufungia, 500 kila mmoja, 32,000. Toa bando la mwezi, 30,000. Nikarudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Imebaki 2,000. Mwezi mzima wa kukimbizana na boda, kujibu meseji saa sita usiku, watoto wanakula chipsi kwa sababu mama yuko bize, halafu elfu mbili. Na shule zinafunguliwa wiki ijayo.

Nikafungua kurasa za nyuma. Mwezi wa tisa niliuza mikoba 25 tu, kwa bei yangu ya 28,000, mteja akilipa boda yake mwenyewe. Nilibaki na 207,500. Mwezi ule wala sikuweka status yoyote, niliuona wa kawaida.

Ikabidi nimpigie mjomba kumwomba aniazime hela ya ada. Mjomba wangu ni mtu wa riadha, mpira haumhusu. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Sasa mwanangu, hizo mbio ulikuwa unakimbia zako au za mwenzio?" Nikajua leo nitasikia habari za Juma Ikangaa. Na kweli nilizisikia, dakika arobaini, kwa bando langu.

Kwa wadogo zangu ambao hamumjui: Ikangaa ni Mtanzania, mkimbiaji wa marathoni wa miaka ya 80. Mwaka 1988 kule Boston, Marekani, alimaliza wa pili nyuma ya Mkenya Ibrahim Hussein. Waliachana sekunde moja. Fikiria, kilomita 42 na mita 195, zaidi ya saa mbili barabarani, halafu unashindwa kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akarudi Boston, wa pili tena. Watu wengi hapo wangesema nimerogwa. Novemba ya mwaka huohuo akaenda New York, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda uliokuwa rekodi ya njia ile. Na mwaka 1990 akarudi tena Boston. Wa pili, kwa mara ya tatu mfululizo.

Hiyo ya 1990 ndiyo naipenda mimi, ingawa wanaotoa hamasa huwa wanaikata stori pale New York ili imalizike vizuri. Alikuwa ameshashinda, na bado akaja kushindwa. Na wewe utapata mwezi mzuri sana, halafu unaofuata ubaki na mzigo ndani. Haimaanishi umesahau kuuza.

Lakini somo alilonipa mjomba siku ile lilikuwa la njia yenyewe. Mbio za Boston zinaanzia mji mdogo unaoitwa Hopkinton, na kilomita za mwanzo ni mteremko. Miguu ni mipya, umati unashangilia, barabara inakuvuta chini. Unajiona una kasi kumbe ni barabara ndiyo inayokukimbiza. Misuli ya mapaja inaumia polepole bila wewe kujua. Halafu, ukishapita kilomita ya 25, vinaanza vilima vya Newton, na cha mwisho wamekipa jina la kilima cha kuvunja moyo. Aliyetumia nguvu zote kwenye mteremko, pale ndipo anapoanza kutembea.

Sasa mniambie, hiyo si Desemba na Januari?

Desemba mteja ana hela, ana harusi, ana safari ya kijijini, ana zawadi za kununua. Hata ukiposti picha yenye giza unauza. Ni mteremko. Na ni hapohapo tunapofanya makosa yote: tunashusha bei wakati mteja yuko tayari kununua, tunabeba mzigo mkubwa kwa mkopo wa kausha damu, tunaajiri kijana wa kufunga mizigo, tunabadilisha simu. Wanaouza madera na mashungi wanajua mteremko wao ni kuelekea Idi. Wanaouza mabegi ya shule mteremko wao ni Januari yenyewe. Kila biashara ina wake. Swali ni kama unakijua na kilima chako.

Tukija kwa Eliud Kipchoge, najua mmechoka kusikia habari zake, nitachukua mambo mawili tu.

La kwanza ni mwendo. Oktoba 2019 kule Vienna alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ukigawanya, ni kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, na alikwenda karibu hivyohivyo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Asingeshindwa kukimbia kilomita ya kwanza kwa kasi zaidi, alikataa tu. Na hakuwa peke yake: kulikuwa na wakimbiaji 41 wakipokezana kumkinga upepo na kumshikia mwendo, ndiyo maana muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia. Wewe unayefanya kila kitu mwenyewe, kupiga picha, kujibu, kufunga, kupeleka mzigo stendi ya basi, halafu unajilaumu umechoka, hiyo hesabu iangalie vizuri. Hata boda mmoja mwaminifu anayejua wateja wako ni mtu wa kukukinga upepo. Mlipe vizuri.

La pili ni mwaka 2012. Kipchoge alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18 tu. Akapata shaba Olimpiki ya Athens, akapata fedha Beijing. Ilipofika Olimpiki ya London 2012, hata timu ya Kenya hakuingia. Umri unaenda, vijana wanakuja. Angeng'ang'ania mita 5,000 tungemsifu kwa uvumilivu na tungemsahau. Mwaka 2013 akahamia marathoni, akashinda ya kwanza kule Hamburg, na yaliyofuata mnayajua: dhahabu Rio 2016, dhahabu tena kwenye michezo ya Tokyo. Kocha hakubadilisha, aliendelea na Patrick Sang. Kambi ileile Kaptagat, daftari lake la mazoezi bado anaandika. Alichobadilisha ni umbali tu.

Nasema hivi kwa sababu kuna wenzetu wanachanganya kuwaza mbali na ubishi. Umeuza nguo za watoto miaka miwili, kila mwezi unaongezea hela kutoka kwenye mshahara wa mume au kwenye kikoba, na unasema "navumilia, mafanikio hayaji kwa siku moja". Dada yangu, huo si uvumilivu kama daftari halionyeshi hata mwezi mmoja uliojilipa wenyewe. Badilisha bidhaa. Wateja wako ni walewale, namba zao unazo, uaminifu wao unao. Hivyo ndivyo vilivyokugharimu miaka miwili, si zile nguo.

Na nisiwadanganye, Kipchoge ana wadhamini, mimi na wewe tuna mwenye nyumba. Yeye akishindwa anarudi kambini, wewe ukishindwa ada inadaiwa. Kwa hiyo usikae kusubiri miaka kumi huku unaumia. Kuwaza mbali kwa muuzaji mdogo ni jambo dogo kabisa: ni kujua leo kwamba Januari inakuja, na kuiwekea hela yake kabla hujauona mteremko.

Mimi sasa nafanya hivi. Kila bidhaa ina bei ya chini niliyoiandika mwezi wa kumi, kichwa kikiwa kimetulia. Mteja akija na skrinshoti ya mtu mwingine namjibu vizuri: "Asante mpenzi, yangu ni 28, na zipu ikiharibika ndani ya mwezi unaniletea nabadilisha." Wengine wanaondoka. Inauma, ila mteja aliyekimbilia kwa jirani kwa ajili ya elfu sita ni kama ile sekunde moja ya Boston, mbio nyingine zipo. Kwenye kila mkoba wa Desemba natoa 3,000 naweka kwenye laini ambayo haiko kwenye simu yangu, iko kwa dada yangu, na tumekubaliana hanipi mpaka Januari, hata nikilia. Mkopo wa kuongeza mzigo wa sikukuu sichukui. Nikiishiwa mzigo tarehe 20, nimeishiwa. Naandika "zimeisha" nalala.

Desemba iliyopita niliuza mikoba 31. Sikupiga picha ya sebule. Ada nililipa mwenyewe, na mjomba nikamrudishia yake.

Yule mwenzetu wa 22,000 tulikuja kukutana mwezi wa tatu, duka la jumla, sote tumepanga foleni. Tukaangaliana, tukacheka. Nikamuuliza kwa nini alishusha bei vile wakati wote tunajua mzigo unatoka 18. Akaniambia na yeye alikuwa akiuza 28 kama mimi, ila kuna mtu aliposti 23,000, wateja wakaanza kumtumia skrinshoti.

Huyo wa 23,000 mpaka leo hatumjui.