Kongo: Sokwe wa Lwiro na deni la nusu karne

Tangu waasi wa M23 walipoingia Kavumu na Bukavu mwezi Februari 2025, macho yameelekezwa, kama ipasavyo, kwa raia waliolazimika kuyahama makazi yao. Hata hivyo, karibu na Kavumu wapo viumbe wasioweza kukimbia. Kituo cha Lwiro kinatunza sokwe zaidi ya 100 pamoja na kima wa aina mbalimbali, ambao chakula chao cha kila siku hutoka mikononi mwa binadamu.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Mazingira, ICCN, na Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Wengi wa wanyama hao walinyang'anywa watu waliokuwa wakiwafuga au kuwauza. Nyuma ya kila mtoto wa sokwe anayeuzwa kuna mauaji: mama hamwachi mwanawe, hivyo wawindaji humuua kwanza, na mara nyingi wengine wa kundi lake.

Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 kuhusu uhifadhi inawalinda sokwe, na mkataba wa CITES unakataza biashara yao ya kimataifa. Lakini sheria yahitaji mahali. Afisa asiye na pa kumpeleka mnyama aliyekamatwa huishia kumwacha kwa yule yule anayemshikilia.

Ugumu ni kwamba kuokoa si kuachia huru. Sokwe aliyelelewa na watu hajui kujitafutia riziki msituni, hamwogopi binadamu, na sokwe wa mwituni huweza kumuua kama mvamizi. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyo jirani, imesumbuliwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Kwa kuwa sokwe anayetunzwa aweza kuishi miaka 50 au zaidi, kila anayeokolewa ni deni la nusu karne.

Deni hilo hugeuka udhaifu. Mwezi Septemba 2022, watu wasiojulikana waliwaiba watoto watatu wa sokwe katika kituo cha J.A.C.K. mjini Lubumbashi, wakidai fedha ndipo wawaachie.

Burundi nayo ina kumbukumbu yake. Katika miaka ya 1990, vita vilipozuka, sokwe yatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura walihamishiwa Sweetwaters, kituo kilichofunguliwa Ol Pejeta nchini Kenya mwaka 1993. Walikuwa wachache. Kuwahamisha zaidi ya 100 kungehitaji ndege, vibali na nchi iliyo tayari kuwapokea wote.

Kwa hiyo usalama wa Lwiro unategemea pande zinazopigana kuruhusu chakula, dawa na wahudumu kupita. Idadi ya watakaoletwa kesho, kwa upande wake, inategemea wanunuzi: pasipo mnunuzi, mwindaji hana sababu ya kumbeba mtoto wa sokwe kutoka msituni akiwa hai.