*KUKATA FEDHA ZA KINGA YA VVU SI KUBANA MATUMIZI: NI DENI WATAKALOLIPA WATOTO WETU*

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama na wananchi wote*
Makambako, Julai 2025



Tunaomba msome hadi mwisho, kwa sababu jambo hili liko ndani ya nyumba zetu.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpango wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003 na kubeba sehemu kubwa ya mapambano ya UKIMWI nchini kwetu, ukaingia kwenye panga hilo. Tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi.

Wapo wanaotuambia tutulie, dawa za ARV bado zipo. Tunawajibu: *soma masharti.* Msamaha uliotolewa Februari uliruhusu matibabu, upimaji na kuzuia maambukizi toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Dawa kinga, yaani PrEP, ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Dereva wa lori, mhudumu wa baa, kijana ambaye mwenza wake ana VVU, wote wakaachwa nje. Yaani mgonjwa atibiwe, lakini mzima asikingwe. Hii ni akili gani?

*Kwa nini sisi tunapiga kelele?*

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni asilimia 12.7, cha juu kuliko mikoa yote. Iringa ni 11.1 na Mbeya 9.6. Utafiti huohuo ulikadiria maambukizi mapya 60,000 hivi kwa mwaka. Na sisi tunakaa njia panda ya Songea na Mbeya, magari yanalala hapa kila usiku. Fedha ya kinga ikikatwa Washington, anayeumia wa kwanza ni mtu wa huku.

*Tuzungumze fedha, maana wanapenda kuzungumza fedha.*

Kijana akiambukizwa leo akiwa na miaka 20, atameza kidonge kila siku. Akiishi miaka 40 mingine, ni vidonge zaidi ya 14,000. Ongeza vipimo vya wingi wa virusi, nauli ya kliniki, siku za kazi zinazopotea. Bila matibabu hali ni mbaya zaidi: shamba la viazi linalala, mtoto anaacha shule amuuguze mama, bibi anabaki kulea yatima. Wazee wa mkoa huu hawahitaji kusimuliwa, walizika.

Kinga ni nini mbele ya gharama hiyo? Ni kondomu kwenye nyumba ya wageni. Ni tohara ya kitabibu, inayompunguzia mwanaume hatari kwa takriban asilimia 60. Ni mama mjamzito kupimwa mapema: asipotibiwa, hatari ya kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45, akitibiwa vizuri hushuka chini ya 5. Ni waelimishaji rika na WAVIU washauri wanaomfuata mtu aliyeacha dawa kabla virusi havijapanda, kwa sababu ambaye virusi vyake vimefubazwa hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Tiba nayo ni kinga. Ukimwachisha kazi huyo mshauri, umekata kamba moja inayoshika vyote.

UNAIDS wameonya kwamba fedha za PEPFAR zikikatika moja kwa moja, dunia itaongeza maambukizi mapya milioni 6 na vifo milioni 4 ifikapo 2029. Na hili lilitokea wakati Juni 2025 sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, iliidhinishwa Marekani kuwa kinga. Silaha bora imepatikana, mfuko umefungwa.

*Lakini hatutamlaumu Mmarekani peke yake.* Mgeni hadaiwi uji wa mtoto wako. Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI tunao kisheria tangu 2015. Kwa miaka yote hiyo tumelala kwenye mkeka wa jirani, leo ameukunja tunashangaa sakafu ni baridi! Bajeti ya Juni 2025 ilitaja tozo za mafuta na vileo kwa ajili ya mapambano haya. Vema. Ila mwananchi anayelipa ana haki ya kuona ilikokwenda.

Na kwa wanaosema "wenye maadili hawahitaji kinga": mke mwaminifu ndani ya ndoa naye huambukizwa. Mtoto mchanga alikosa maadili gani?

*Kwa hiyo Tawi linadai:*

1. Serikali itangaze kila robo mwaka kiasi kilichokusanywa kwa ajili ya Mfuko na kiasi kilichofika mikoani.
2. Halmashauri itenge fedha za kinga kwenye mapato ya ndani, na zitolewe, zisiishie kwenye makabrasha.
3. Waelimishaji rika na WAVIU washauri waliopoteza kazi warudishwe kwa mkataba wa ndani.
4. Dawa kinga ipatikane kwa kila aliye hatarini, si wajawazito peke yao.

Wanachama, hudhurieni mikutano ya mitaa na vijiji. Muulizeni diwani: kata yetu ina kondomu? Kamati ya UKIMWI ilikaa lini? Anayemeza dawa asiache hata siku moja kwa uvumi wa mitandaoni. Ambaye hajapima, akapime.

Uhai wa Mtanzania usitegemee kalamu ya mtu mmoja ng'ambo.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi. Tuma kwenye makundi mengine bila kupunguza neno._