Vidole Vitatu, Dirisha Namba Mbili

KUTOKA BARAZANI, na Bi Salama

Jumanne asubuhi Bi Salama alikuwa wa tisa kwenye foleni ya benki moja mjini Tanga, na wasomaji wake wa siku nyingi hawana haja ya kuambiwa kama kalamu ya kamba, ile iliyofungwa kwenye kaunta, ilikuwa na wino. Safari hii kalamu itasubiri zamu yake. Mbele yake alisimama mzee mmoja mstaafu, kanzu nyeupe, mkono wa kulia umelala kifuani bila nguvu, amefuatana na mkamwana wake kuchukua pensheni.

"Shikamoo mzee," akasema keshia wa dirisha namba mbili.

"Marahaba." Sauti nzito, safi, haina hata kigugumizi.

"Nikusaidie nini?"

Mzee akafungua kinywa. Midomo ikatafuta, koo likapanda na kushuka, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kisha akasema: "Kesho."

"Kesho? Sasa leo umefuata nini, mzee wangu?"

Foleni ikacheka. Mzee akapiga kaunta kwa kiganja cha kushoto. "Kesho! Kesho, kesho!" Mkamwana akaeleza kwa adabu kwamba baba alipata kiharusi mwezi wa pili, na tangu hapo neno lake ni hilohilo. Keshia akasogea kwenye tundu la kioo, akapaza sauti kama anayemwita mvuvi aliye mbali na pwani: "MZEE! UNATAKA SHILINGI NGAPI?" Masikio ya mzee ni mazima. Halafu, mzee akiwa palepale anamtazama, akamgeukia mkamwana: "Akili zake lakini bado zipo?"

Nyuma kijana mmoja akachangia: "Mbona shikamoo ameitikia? Huyo anajua anachokifanya."

Hapo Bi Salama alipandwa na hasira ambayo mpaka anaandika haya haijashuka. Maana wakati wote huo mzee alikuwa ameinua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na hakuna aliyevitazama.

Ugonjwa wa mzee yule unaitwa afasia, na humpata karibu mtu mmoja katika kila watatu wanaopigwa na kiharusi. Kwa watu wengi lugha imejenga upande wa kushoto wa ubongo, upande uleule unaoamuru mkono na mguu wa kulia. Mshipa wa damu ukiziba huko, maneno na mkono huondoka siku moja. Fahamu hubaki. Mzee alijua anachotaka, na alijua vilevile kwamba neno lililomtoka silo. Ndiyo sababu alipiga kaunta.

Na ile marahaba? Kijana wa nyuma amfikishie mwenziwe yeyote anayefikiri kama yeye: maneno tuliyoyarudia tangu utotoni, salamu, hesabu ya moja mpaka kumi, siku za wiki, dua, hata matusi, mara nyingi huponea kiharusi kwa sababu hutoka yenyewe bila kutungwa. Mkamwana anasema Magharibi ikiingia mzee anasoma Alhamdu yote pasipo kukosea herufi, kisha akitaka maji anasema "kesho." Majirani wameshahukumu kwamba amefungwa ulimi kwa uchawi. Hukumu hiyohiyo ndiyo iliyomponza mwanzoni, kwani mdomo ulipopinda na mkono ulipolegea alfajiri ile, alifukizwa ubani kutwa nzima, akafikishwa hospitali siku ya pili. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Waliomfukiza walimpenda, Bi Salama halitilii hilo shaka, ila ubani hauzibui mshipa.

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa mwenye umri wa miaka 51, Leborgne, ambaye kila alipoulizwa kitu alijibu "tan, tan." Hospitalini hapo alijulikana kwa jina la Tan. Mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza. Broca alimwuliza amekaa hapo miaka mingapi. Leborgne akakunjua kiganja cha kushoto mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Ishirini na moja, na ilikuwa sahihi. Alipofariki siku chache baadaye, Broca alifungua fuvu akakuta jeraha upande wa mbele wa kushoto, na elimu ya lugha na ubongo ikaanzia kwenye kitanda kile. Ilianza kwa sababu daktari mmoja aliangalia vidole.

Kuna afasia nyingine, aliyoieleza Mjerumani Carl Wernicke mwaka 1874, ambapo maneno humwagika kama kawaida lakini hayana maana, na mgonjwa haelewi vizuri anachoambiwa. Huyo naye huitwa mwendawazimu.

Kinachomuuma zaidi Bi Salama ni muda. Ubongo hujirekebisha haraka zaidi katika miezi mitatu ya kwanza: uvimbe hupungua, na sehemu zilizonusurika kandokando ya jeraha huanza kubeba kazi ya zile zilizokufa. Baada ya hapo mwendo hupungua bila kukoma. Wapo wanaorudisha maneno baada ya miaka. Lakini yanarudi kwa mazoezi na kwa kuzungumza na watu. Huko Boston, mwaka 1973, wataalamu watatu walieleza njia ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kuanza na kuimba, kwa kuwa wengi wasioweza kutamka sentensi huweza kuiimba. Mkamwana hajawahi kusikia kwamba duniani kuna mtaalamu wa tiba ya usemi. Hospitalini walimpa mzee vidonge vya presha na mazoezi ya mkono. Habari ya maneno hakuna aliyeitaja. Wataalamu hao katika nchi zetu ni wachache mno, kwa hiyo tiba inabaki barazani, dukani, na dirisha namba mbili.

Mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, alipigwa na kiharusi mwaka 1990, kikamwachia maneno machache na mkono wa kulia usiofanya kazi. Aliendelea kutoa vitabu, akapiga piano kwa mkono wa kushoto, na mwaka 2011 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Akili zake zilikuwepo.

Pale benki ilihitajika karatasi, nusu dakika ya kunyamaza, na maswali ya ndiyo au hapana. Bi Salama alimsukumia mzee kalamu ya kamba na kipande cha risiti. Akaishika kwa mkono wa kushoto, ulimi umebana kwenye meno, akachora 3, kisha sifuri moja moja mpaka zikatimia tano, ya mwisho ikiangukia nje ya karatasi. Laki tatu. Akachora na sahihi. Msimamizi akaitwa, akatazama, akasema sahihi haifanani na ya kwenye faili. Itafananaje, na mkono uliotia ile ya kwanza umelala kifuani? Kaunta hiyohiyo hupokea dole gumba la wasiojua kuandika kila siku. Msimamizi akadai barua, na "mtu mwenye akili timamu," kisha akafunga faili.

"Rudini kesho," akasema.

Mzee akatikisa kichwa kukataa, vidole vitatu bado viko juu.

Ijumaa mchana, kabla safu hii haijaenda mitamboni, Bi Salama alimpigia simu mkamwana. Kesho tatu zimeshapita, alisema, na laki tatu bado ziko benki.